Wewe Mtoto wa Nani? Mazungumzo Kuhusu Sanaa za Wapolinesia

 

Tuanze na swali ambalo karibu kila mtu amewahi kuulizwa. Umefika msibani au harusini, katika kijiji ambacho hujakikanyaga tangu utotoni. Bibi mmoja anakuita, anakushika mkono, anakutazama usoni, kisha anauliza: "Wewe mtoto wa nani?" Jina lililo kwenye kitambulisho chako halimsaidii. Anataka umtajie baba, babu, ukoo na mahali mlipotoka. Ukishamjibu, uso wake unakunjuka, na watu wanasogea upate pa kukaa.

Mbali sana na hapa, katika Bahari ya Pasifiki, swali hilo lipo pia. Wamaori wa Nyuzilandi huuliza, "Ko wai koe?" Maana yake ni "wewe nani?" Na neno hilo *wai*, ambalo ni "nani", kwa lugha yao ni "maji" vilevile. Mmaori anayejitambulisha kwa desturi hutaja kwanza mlima wa kwao, kisha mto, kisha chombo kilichowaleta wazee wake, kisha kabila. Jina lake mwenyewe huja mwishoni.

Leo tunazungumza juu ya sanaa za Wapolinesia na namna zinavyolijibu swali hilo. Kuna mambo matano ya kushika, na ni rahisi kuyakumbuka kwa sababu yote yanaanza na herufi moja: nyumba, ngozi, nguo, ngoma na ngalawa. Narudia: nyumba, ngozi, nguo, ngoma, ngalawa.

Lakini kwanza, Polinesia ni wapi? Fikiria pembetatu kubwa iliyochorwa juu ya maji. Pembe ya kaskazini ni Hawaii. Pembe ya kusini magharibi ni Nyuzilandi. Pembe ya kusini mashariki ni Rapa Nui, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Kisiwa cha Pasaka. Ndani ya pembetatu hiyo kuna Samoa, Tonga, Tahiti, visiwa vya Marquesas na vingine vingi, zaidi ya elfu moja.

Je, watu hao ni wageni kwetu kabisa? Msikilizaji wa Pwani asiharakishe kujibu. Tuhesabu kidogo. Kwa Kisamoa, saba ni *fitu* na nane ni *valu*. Sasa vuka bahari uje Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa Uswahilini walikiita Bukini. Kwa Kimalagasi, saba ni *fito* na nane ni *valo*. Umesikia? Fitu na fito, valu na valo. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba wazee wa pande zote mbili walitoka katika ukoo mmoja wa mabaharia wa visiwa vya Asia. Kundi moja lilielekea mashariki likafika Polinesia; jingine lilielekea magharibi likafika Bukini. Na ile ngalawa yetu, yenye mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, wanahistoria wengi wanaihusisha na mabaharia hao hao. Kwa hiyo tunawazungumzia watu wa mbali, lakini tuna jirani tunayechangia naye bahari, na jirani huyo ni ndugu yao.

Sasa tuingie kwenye jambo la kwanza: nyumba.

Wamaori wana nyumba za mikutano zilizochongwa kwa mbao. Mgeni akiitazama anaona jengo zuri lenye nakshi. Mwenyeji anaona mwili wa mzee wao. Boriti kuu ya paa, ile inayopita katikati kutoka mbele hadi nyuma, ni uti wa mgongo. Makombamoyo yanayoshuka pande zote mbili ni mbavu. Mbao mbili za mbele zinazoteremka kutoka kileleni ni mikono iliyonyooshwa kumpokea mgeni, na ncha zake ni vidole. Juu kabisa kuna uso uliochongwa. Ukipita mlangoni unaingia kifuani mwa babu, na nguzo za ukutani zimechongwa sura za wazee wengine wa ukoo. Mtoto anayelala humo siku za msiba analala amezungukwa na jamaa zake, walio hai na waliotangulia.

Sasa msikilizaji, fikiria mwili huo ukichukuliwa.

Hilo liliwapata watu wa Ngati Awa, wa mji wa Whakatane. Nyumba yao iitwayo Mataatua ilifunguliwa mwaka 1875. Miaka minne tu baadaye serikali ya kikoloni iliipeleka Sydney kwenye maonyesho makubwa. Huko ikasimamishwa kinyumenyume: nakshi za ndani zikageuzwa ziwe nje, ili wapita njia wazione vizuri. Babu aligeuzwa nje ndani. Kutoka Sydney ikapelekwa Melbourne, kisha London, ikakaa huko miongo kadhaa. Mwaka 1925 ikarudi Nyuzilandi kwa maonyesho mengine, lakini haikurudi nyumbani; iliwekwa katika jumba la makumbusho la Otago, kusini mwa nchi. Wenyewe hawakuacha kuidai. Mwaka 1996 serikali ikakubali kuirudisha, na mwaka 2011, baada ya matengenezo marefu, Mataatua ikafunguliwa tena Whakatane. Hesabu: kutoka 1879 hadi 2011 ni miaka 132. Waliokuwa wakisubiri mwanzoni hawakuwepo mwishoni, lakini wajukuu wao walijua wanachosubiri. Walijua kwa sababu waliambiwa.

Hiyo ni nyumba. Jambo la pili ni ngozi.

Neno "tatuu" ambalo vijana wetu wanalitumia lina kwao. Limetoka Polinesia, kwenye neno *tatau* la Samoa na Tahiti. Mabaharia wa Kiingereza waliofika Tahiti na nahodha James Cook mwaka 1769 waliliandika, wakarudi nalo Ulaya, na kutoka huko likaenea dunia nzima mpaka likafika kwenye vinyozi wa mitaani kwetu.

Huko Samoa, mchoro wa mwanaume unaitwa *pe'a*. Unaanzia kiunoni na kushuka hadi magotini, mweusi, wenye mistari iliyopangwa kwa makini. Fundi hutumia kitu kama kitana chenye meno makali, zamani cha mfupa au jino la nguruwe, alichokifunga kwenye mpini. Anakichovya katika wino, anakigonga kwa kijiti: ta-ta-ta-ta. Kazi inachukua siku nyingi, na maumivu ni makubwa. Jamaa wanakaa kando ya anayechorwa, wanamwimbia, wanaivuta ngozi ibaki imenyooka, wanampepea. Anayekimbia kabla ya kumaliza anabaki na mchoro wa nusu, na aibu yake inaugusa ukoo mzima. Aliyemaliza anaruhusiwa kuwahudumia machifu katika mikutano. Wanawake nao wana mchoro wao, *malu*, mwepesi zaidi, wa mapajani.

Je, hili ni pambo? Msikilizaji wa Kiswahili ana neno zuri la kumsaidia hapa, neno "nembo". Siku hizi tunasema nembo ya kampuni, nembo ya taifa. Lakini maana ya zamani ya nembo ni alama zilizochanjwa mwilini kumtambulisha mtu na kabila lake. Basi *pe'a* ni nembo kwa maana zote mbili: inapendeza, na inamtaja mwenye kuivaa.

Wamaori walikuwa na *moko*, mchoro wa usoni. Mwaka 1840, machifu walipoweka saini zao kwenye Mkataba wa Waitangi na Waingereza, baadhi yao hawakuandika majina. Walichora mistari ya moko zao kwenye karatasi, kwa sababu uso wa chifu ndio uliokuwa saini yake. Baadaye moko ilidharauliwa, ikafichwa, ikabaki kwa wazee wachache. Leo imerudi. Desemba 2021, mtangazaji Oriini Kaipara alisoma taarifa ya habari ya jioni kwenye televisheni ya taifa zima, kidevuni mwake pakiwa na mchoro wa wanawake wa Kimaori. Alikuwa wa kwanza mwenye mchoro huo kusoma habari katika saa hiyo ya watazamaji wengi. Wasichana wa Kimaori waliowasha televisheni jioni ile waliona uso kama wa bibi zao.

Kuna watu wanaoona mchoro tu, hawaoni mwenyewe. Mwaka 2013, kampuni moja kubwa ya nguo za michezo ilitoa suruali za kubana zenye nakshi iliyofanana na *pe'a*. Na zilikuwa suruali za wanawake, wakati *pe'a* ni ya wanaume! Wasamoa na jirani zao wakalalamika kwa nguvu, na kampuni ikaomba radhi na kuziondoa sokoni. Walichokilinda si mistari mizuri peke yake. Ni alama ambayo mtu huilipia kwa damu, mbele ya jamaa zake, na kufa nayo.

Tumeona nyumba, tumeona ngozi. Tuje kwenye nguo.

Msikilizaji wa Uganda atatabasamu hapa. Baganda wana lubugo, nguo inayotengenezwa kwa kugonga gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Wapolinesia nao wana nguo ya gome. Watu wengi wa nje wanaiita tapa. Watonga wanaiita *ngatu*, Wasamoa *siapo*, Wahawaii *kapa*. Gome la ndani hubanduliwa, hulowekwa, kisha hugongwa kwa nyundo ya mti mpaka linapanuka na kulainika. Huko Tonga ni kazi ya wanawake wanaokaa pamoja, wanaunganisha vipande, wanavipiga nakshi, mpaka wanapata shuka ndefu ya kutandika uani kote. Ngatu hutolewa harusini, hutandikwa msibani, hutandazwa chini mfalme anapotawazwa. Familia isiyo na ngatu siku ya msiba inajiona imekuja mikono mitupu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mti unaowapa Wapolinesia gome hilo ni jamii ya mforosadi. Wapolinesia waliupanda kwa vipandikizi, wakibeba vijiti vyake ndani ya vyombo vyao kutoka kisiwa hadi kisiwa. Watafiti walipochunguza chembe za urithi za miti hiyo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asili yake ni Taiwan, kule kule ambako wataalamu wa lugha walikuwa wameshasema ndiko chimbuko la ukoo wa lugha hizi. Hata mti uliulizwa "wewe mtoto wa nani?", nao ukajibu.

Jambo la nne: ngoma.

Ukitaja Hawaii, watu wengi hukumbuka *hula*: wasichana, maua shingoni, viuno vinayumba. Picha hiyo ya hotelini inaficha kitu. Katika hula, maneno ndiyo kiini. Kuna utenzi unaoimbwa kwa Kihawaii, unaotaja machifu, miungu, pepo na mahali, na mikono ya mchezaji inayaeleza maneno hayo. Mwanafunzi hukaa miaka chini ya mwalimu wake, *kumu hula*, na kwanza hujifunza maana, ndipo ajifunze kusogea.

Mwaka 1830, malkia Ka'ahumanu, ambaye alikuwa ameingia Ukristo, alikataza hula hadharani. Ngoma ikaingia vijijini, ikachezwa kwa siri. Kisha akaja mfalme Kalakaua. Katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883 aliita wachezaji wa hula waje mbele ya watu wote, jambo lililowakasirisha sana wakubwa wa Honolulu, hata waliochapa ratiba ya nyimbo wakafikishwa mahakamani kwa madai ya uchafu. Miaka kumi baadaye ufalme ulipinduliwa, na mwaka 1896 sheria ikakiondoa Kihawaii madarasani. Lugha ikafukuzwa shuleni. Ilibaki wapi? Sehemu yake ilibaki ndani ya ngoma. Mtu asiyeweza kuzungumza Kihawaii na mwalimu wake wa shule aliweza bado kukiimba na mwalimu wake wa hula. Leo, kila mwaka baada ya Pasaka, mji wa Hilo hujaa watu kwa tamasha la Merrie Monarch, lililopewa jina kwa heshima ya Kalakaua, na mashindano yake ya hula, yaliyoanza mwaka 1971, yanafuatwa visiwa vyote.

Na haka je? Wapenzi wa raga wanaijua: timu ya Nyuzilandi inasimama mbele ya wapinzani, miguu inapiga chini, macho yanatokeza, ulimi nje. Wengi hudhani ni ngoma ya vita tu. Wamaori huicheza harusini, kwenye mahafali, na mbele ya jeneza la mpendwa wao, wanaume kwa wanawake. Ile maarufu zaidi, *Ka Mate*, ilitungwa karibu mwaka 1820 na chifu Te Rauparaha wa Ngati Toa. Kwa muda mrefu iliuzwa na kuigizwa kila mahali bila mwenyewe kutajwa. Mwaka 2014 bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria kwamba anayeitumia kibiashara amtaje Te Rauparaha kuwa ndiye mtunzi. Rudi kwenye swali letu. Ngoma imepata haki ya kutajiwa mzazi wake.

Tumebakiwa na moja, na ndiyo tutakayokaa nayo kidogo: ngalawa, yaani vyombo vya bahari.

Kwa miaka mingi wasomi kadhaa wa Ulaya walisema Wapolinesia walifika visiwani mwao kwa kupeperushwa tu na upepo. Walisema watu wasio na dira wala ramani hawawezi kuvuka bahari kubwa namna ile kwa kukusudia. Fikiria maana ya maneno hayo kwa mtoto wa Kihawaii. Ni kuambiwa kwamba wazee wako hawakwenda popote. Walipotea, wakaokota nchi.

Mwaka 1973 watu kadhaa wa Hawaii wakaanzisha chama cha kulipima jambo hilo baharini. Wakaunda chombo cha mitumbwi miwili mirefu iliyounganishwa, chenye matanga, wakakiita Hokule'a, yaani Nyota ya Furaha. Kikashushwa majini mwaka 1975. Chombo kilikuwa tayari. Lakini nahodha? Katika Hawaii yote hakuwepo hata mmoja aliyebaki na elimu ya kuongoza chombo kwa nyota. Ilikuwa imekatika.

Wakamtafuta mtu kutoka Satawal, kisiwa kidogo sana cha Mikronesia. Jina lake Mau Piailug. Yeye si Mpolinesia, lakini alifundishwa na babu yake tangu akiwa mdogo: nyota ipi inachomoza wapi, mawimbi makuu yanatoka upande gani, ndege gani huenda baharini asubuhi na kurudi nchi kavu jioni. Wavuvi wetu wanaokitazama Kilimia kujua msimu wataielewa shule hiyo.

Mei 1, 1976, Hokule'a ikaondoka Maui. Hakukuwa na dira. Kwa zaidi ya mwezi mmoja Mau alikaa nyuma ya chombo, analala kidogo sana, anayasikiliza mawimbi yanavyogonga mbao. Juni 4 wakaingia Papeete, Tahiti, baada ya maili zaidi ya 2,500. Watu wapatao 17,000 walikuwa wakiwasubiri ufukweni. Watoto waliruka majini, wakapanda chomboni kwa wingi mpaka sehemu ya nyuma ikazama kidogo.

Safari iliyofuata ilikuwa na msiba. Mwaka 1978 chombo kilipinduka katika dhoruba. Eddie Aikau, mwokoaji mashuhuri wa pwani ya Hawaii, alichukua ubao wake wa mawimbi akapiga maji kwa mikono kwenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Kijana mmoja wa Kihawaii, Nainoa Thompson, akamwendea Mau na kumwomba awafundishe vizuri, wasipoteze mtu mwingine. Mau akakubali. Baadhi ya watu wa kwao hawakufurahi elimu ya ukoo kupewa wageni. Lakini Mau alikuwa ameona vijana wa Satawal wakiiacha, akaogopa akifa itazikwa naye. Mwaka 1980 Nainoa akaiongoza Hokule'a hadi Tahiti na kurudi. Mwaka 2015, katika safari ya kuizunguka dunia, chombo hicho kilivuka hata Bahari yetu ya Hindi, kikapita Mauritius hadi Cape Town.

Wasikilizaji, muda wetu unakwisha, basi turudie kwa pamoja: nyumba, ngozi, nguo, ngoma na ngalawa. Mataatua ilirudi kwa sababu wajukuu waliambiwa. Moko ilirudi kwa sababu wazee wachache waliendelea kuivaa usoni. Hula ilibaki kwa sababu mwalimu alifundisha hata ilipokatazwa. Katika yote matano, kilichoiokoa sanaa ni mtu aliyeishika mkononi na mwingine aliyekaa karibu naye akajifunza.

Na Mau je, alilipwa nini? Mwaka 2007 Wahawaii walimpelekea zawadi Satawal: chombo kipya cha mitumbwi miwili, walichokiunda wao wenyewe, kwa ajili yake. Huko huko, Mau aliwasimika Wahawaii watano kuwa manahodha kamili kwa desturi ya kwao, Nainoa akiwa mmojawapo, miaka mitatu kabla ya yeye kufariki. Chombo kile kiliitwa Alingano Maisu. Wasikilizaji wa Unguja na Pemba wanalijua tunda la shelisheli. Huko Satawal nalo ni chakula chao, na kila mti una mwenyewe. Lakini upepo mkali ukiliangusha shelisheli, lile lililoanguka huitwa *maisu*, na yeyote apitaye ana ruhusa ya kuliokota na kwenda nalo nyumbani kwake.